Bakuli la Bata: Milimita Tatu

Tulimwacha wapi Jicho? Tulimwacha gizani, msomaji, kwenye stoo ya chini ya nyumba ya mnada. Mlango wa chuma umefungwa nyuma yake kwa kishindo, ufunguo umezungushwa mara mbili kwa nje, na nyuma ya makreti, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na kiumbe hai, mtu amekohoa.

Mmoja wenu ameandika barua wiki hii akilalamika kwamba namtesa binti wa watu. Ndugu yangu, simtesi mimi. Soma hadi mwisho, ndipo umtafute wa kumlaumu.

"Nani huyo?" Jicho akauliza.

Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mlango.

"Nauliza, nani? Nina nondo hapa!"

Hakuwa na nondo. Alikuwa na lenzi yake ya kukuzia, ile iliyompa jina la Jicho kwa sababu hushinda amefumba jicho moja kutwa nzima, na kurunzi ya kazini isiyozidi kidole. Mkoba na simu vilibaki juu, mezani kwa mjomba wake.

"Usipige," sauti ikasema. "Ni mimi."

Jicho akawasha kurunzi. Mwanga ukaangukia viatu vyenye vumbi la chuma, ukapanda suruali ya kazi, ukafika kwenye uso ambao angeutambua hata usingizini.

"Msasa?"

Ndiye. Msasa, fundi wa kuchonga kalibu za chuma, mtu mwenye ulimi wa kulainisha kila kitu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Na ndiye mchumba wake. Harusi yao ilikuwa baada ya wiki tatu.

"Unafanya nini humu?"

"Na wewe?"

"Mimi nimefungiwa! Mjomba kaniambia shuka ukajionee mwenyewe kabati la bakuli, nikashuka, akafunga. Wewe je?"

Msasa akajikuna shingo. "Niliingia asubuhi na wapakuzi, walipokuwa wanaingiza makabati. Nikajificha. Nao wakafunga."

"Ukajificha kwa sababu gani?"

Macho ya Msasa yakaenda kwenye makreti matatu yaliyopangwa ukutani, yakarudi haraka. Lakini Jicho kazi yake ni kuona.

Kwa aliyekosa gazeti lililopita, kesi yenyewe ni hii. Mjane mmoja alileta bakuli lake la kale la kioo liuzwe mnadani. Si la kupulizwa kwa mdomo, ni lile la kushindiliwa: kioo kilichoyeyuka hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, mchi wa chuma ukashuka kukikandamiza, bakuli likatoka na maua yake yote kwa mkupuo mmoja. Kwenye kitako kuna alama ya kiwanda, kichwa cha bata kidogo kuliko ukucha. Bata wa miaka ya mwanzo walichongwa mdomo wazi. Baadaye kiwanda kikachonga kalibu mpya, na bata wakafumba mdomo. Bakuli la mjane lilikuwa na bata wa mdomo wazi, kwa hiyo umri wake ulizidi miaka mia moja na ishirini.

Jicho ndiye mthamini wa nyumba ile. Hati ya bakuli aliiandika yeye na muhuri akagonga yeye: upana, sentimita ishirini na moja na nukta nne. Bakuli likafungiwa stoo, kwa baba yake, mtunza vyombo, aliyekuwa na ufunguo peke yake. Siku tisa baadaye mnunuzi akalipima kabla ya kulichukua. Ishirini na moja na nukta moja.

Milimita tatu zimekwenda wapi? Kioo hakisinyai kabatini. Ina maana bakuli lilibadilishwa likiwa mikononi mwa mzee. Baba akatiwa pingu, mjomba akachukua ufunguo, leo siku ya nne, na saa tisa alasiri mpelelezi anakuja ofisini na mjane kuchukua maelezo ya mwisho ya Jicho. Baada ya hapo faili linakwenda mahakamani.

Ilikuwa saa nane kasoro robo.

Jicho akalifuata kreti la kwanza.

"Acha hilo," Msasa akasema.

"Kwa nini?"

"Ni vyombo vya watu. Vitavunjika."

"Nimeshika vyombo vya watu tangu sijaota meno ya mbele. Sogea."

Akang'oa ubao wa juu. Majani makavu. Akabana kurunzi kwa meno, akaingiza mikono yote miwili kwenye majani, mmoja ukagusa kitu baridi, chenye maua. Akakitoa.

Bakuli la mjane.

Moyo ukamruka. Baba amepona! Akaliinua kwenye mwanga, machozi yanamlenga, na hapo mkono wake mwingine, uliobaki ndani ya kreti, ukagusa kitu kingine baridi chenye maua.

La pili. Akatoa la tatu, akatoa la nne. Msasa alisimama tu, mikono imening'inia.

"Yapo kumi na mawili kila kreti," akasema kwa sauti ya chini. "Thelathini na sita yote."

"Umejuaje?"

"Jicho..."

"Umejuaje, Msasa?"

"Kalibu nilichonga mimi."

Msomaji, Jicho hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni, akaweka bakuli mapajani, akafumba jicho moja, akaweka lenzi kwenye lile jingine. Mtu akizidiwa hukimbilia anachokijua, na yeye alijua kioo.

Akaipitisha kurunzi kwenye mishono, ile mistari myembamba inayobaki pale vipande vya kalibu vinapokutana. Mitatu, kama la kale. Akageuza kitako. Bata yupo, mdomo wazi, lakini jicho la bata limefifia. Siku ile alipoletewa bakuli aliliona jicho hilo hilo lililofifia, akajiambia kalibu ilikuwa imechakaa. Akatazama mikwaruzo. Bakuli lililosukumwa mezani miaka mia hukwaruzika ovyo, huku na kule. Haya yalikwaruzwa upande mmoja, yote sawasawa, kwa karatasi ya mchanga.

"Mjomba alikuambia nini?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Aliniambia ni zawadi. Mjane anataka nakala chache awagawie wanawe kabla halijauzwa. Akaniletea bakuli lenyewe siku mbili, nikalimwagia plasta, nikapata umbo, nikachonga chuma. Nilipoona ameagiza zaidi ya thelathini, na ametaka bata awemo, nikajua nimeingia mkenge. Nikamwambia sitaki. Akaniambia, kalibu ina mkono wako, mpwa wangu ni mchumba wako, ukinichoma tunaungua wote."

"Na la kweli liko wapi?"

"Limeshasafirishwa. Liliondoka kabla wewe hujaandika hati."

"Kwa hiyo niliyoletewa mezani..."

"Ilikuwa nakala. Tangu siku ya kwanza."

Baba hakubadilisha kitu. Hakukuwa na kitu cha kubadilisha! Jicho akataka kucheka, akataka kulia, akataka kumrushia Msasa bakuli la kichwa.

"Na milimita tatu?" akauliza.

Hapo Msasa akachuchumaa mbele yake, kwa mara ya kwanza akamtazama usoni.

"Kioo kikipoa hunywea kidogo. Kila fundi wa kalibu anajua, ndiyo maana tunaongeza ukubwa kidogo kwenye chuma. Mimi sikuongeza."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilifanya makusudi, Jicho. Nilijua likifika mezani kwako utalipima. Wewe hupima kila kitu, hata mimi siku ya kwanza ulinikagua kama sahani. Nikasema litatoka dogo, atalikamata, atalikataa, yaishe bila mimi kufungua mdomo. Nilikutegemea wewe." Akameza mate. "Halafu nikasikia umegonga muhuri. Ishirini na moja na nukta nne. Nimekesha siku ngapi nikijiuliza, ulipimaje?"

Jicho alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sikupima," akasema.

"Nini?"

"Sikupima! Mjomba alisimama kichwani kwangu, mteja anasubiri, haraka, haraka. Nikafungua droo, kalipa haipo. Baba aliwahi kulipima bakuli hilo zamani, enzi za marehemu mume wa mjane, kipimo kiko kwenye daftari lake. Nikanakili namba. Nikasema baba hakosei."

Kalipa, kama hujawahi kuishika, ni chuma kirefu chenye taya mbili cha kupimia upana. Ya baba yake ilikuwa na uzi wa bluu umezungushwa shinoni, na haikuwahi kukosekana droo ile kwa miaka yote.

Msasa akafumba macho. Taratibu akaingiza mkono nyuma ya kreti alikokuwa amejificha, akatoa chuma kirefu. Uzi wa bluu.

"Baba yako aliniazima," akasema. "Nilimwambia nina kazi ya vipimo vya uhakika. Nimekuwa nayo tangu mwanzo wa mwezi uliopita. Leo nilikuja nayo nipime haya ya kwenye makreti, nijue yote ni madogo, kisha..."

"Kisha nini?"

"Niyavunje yote, jioni watu wakishaondoka. Niondoe mkono wangu humu duniani. Kalibu mjomba wako ameshaiyeyusha, yamebaki haya tu."

Jicho akampokonya kalipa. Akakamata bakuli kwa taya zake, akasoma. Ishirini na moja na nukta moja. Akapima la pili. Nukta moja. La tatu, nukta moja.

Basi akauona mtego wote, msomaji, na akajiona yeye mwenyewe yuko katikati. Bakuli lilikuwa bandia tangu lilipofika mezani kwake, lakini hati yake ilisema lilikuwa la kweli, kwa namba ambayo hakuipima. Uvivu wake wa dakika mbili ndio uliomfunga baba yake pingu. Akinyamaza, baba anakwenda jela. Akisema ukweli, anasema kwamba muhuri wake ulikuwa uongo, na mthamini aliyegonga muhuri wa uongo hagongi tena mwingine.

Alichukia. Alimchukia mjomba, akamchukia Msasa, na zaidi ya wote akajichukia yeye.

Nyayo. Ngazi zilikuwa zinalia.

"Rudi nyuma," akanong'ona. "Hajui kama uko humu."

Msasa akayeyuka nyuma ya makreti. Jicho akarudisha mabakuli, akalaza ubao mahali pake. Kalipa akaichomeka mgongoni, ndani ya mkanda wa sketi, akajifunika mtandio. Ilikuwa baridi, kama mtu amemwekea mkono mgongoni.

Kidirisha cha mlango kikafunguliwa. Mjomba, dalali wa mnada, kaka wa marehemu mama yake, alikuwa na sauti nzuri. Ilikuwa ndiyo mtaji wake.

"Mpwa wangu, umepoa?"

"Nifungulie, mjomba."

"Nakufungulia. Kwani nimekufunga kwa ubaya? Nilitaka utulize kichwa kabla ya wageni." Karatasi ikapenya kidirishani. "Weka saini hapo. Ni mistari miwili. Siku ile ulilipima bakuli kwa mkono wako, ukakuta ishirini na moja na nukta nne. Si ndivyo ulivyoandika kwenye hati?"

"Ndivyo nilivyoandika."

"Basi hujadanganya mtu."

"Na baba?"

Mjomba akashusha pumzi, pumzi ya mtu mwenye huruma sana. "Baba yako mtu mzima, mahakama itamwonea imani. Miaka miwili, mitatu, anatoka. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Dada yangu alipokuwa anakata roho aliniambia, kaka, huyu mtoto asije akaosha vyombo vya watu kama baba yake. Nimemwangusha?"

"Hujamwangusha, mjomba."

"Haya. Na ukianza kusema mengine huko juu, ujue la kwanza watakalokuuliza: hii namba uliipata wapi? Droo haikuwa na kalipa siku ile, mpwa wangu. Mimi nilikuwepo."

Alijua! Alijua tangu siku ile, akaitunza kama akiba. Jicho akahisi kuta za stoo zimesogea.

"Nitaisoma kwanza," akasema. "Nipe dakika tano."

"Chukua kumi. Wameshaingia getini."

Kidirisha kikafungwa. Msasa akatoka nyuma ya makreti, uso umempauka.

"Utaweka saini?"

"Wewe ungefanya nini?"

"Mimi si mtu wa kuulizwa."

"Nakuuliza."

Akakaa juu ya kreti, akashika kichwa. "Ukinitaja, Jicho, wanaanza na mimi. Kalibu yangu, mkono wangu. Mjomba wako ana mawakili. Mimi nina tupa na nyundo."

"Sitakutaja."

Akainua macho.

"Sitakutaja kwa sababu utajitaja mwenyewe," Jicho akasema. "Nitasema langu kule juu. Kisha nitamleta mpelelezi hapa mlangoni, na wewe utatoka kwa miguu yako, useme lako. Mtu anayetoka mwenyewe wanamsikiliza tofauti na aliyeburutwa. Umenielewa? Na haya mabakuli usiyaguse hata moja. Ndiyo roho ya baba yangu."

"Sawa."

"Apa."

"Naapa. Kwa jina la harusi yetu."

Akamshika mkono. Viganja vyake vilikuwa vikavu na vyenye mikwaruzo kama siku zote, na Jicho, pamoja na hasira zote, alimpenda bado. Nasema ilivyokuwa.

Mjomba aliporudi aliona karatasi imekunjwa mkononi mwa Jicho, akamtoa, akafunga stoo tena, wakapanda. Ofisi ya juu ilikuwa na meza moja ndefu na viti visivyofanana, vyote mabaki ya minada. Mjane alikaa dirishani, mkoba mapajani, midomo ameibana. Mpelelezi, mtu mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, alikuwa amefungua faili. Katikati ya meza lilikaa bakuli, juu ya kitambaa cheusi, linang'aa bila haya.

Na karibu na mlango, kati ya askari wawili, alikaa baba.

Siku nne tu, na shingo yake ilikuwa imekonda. Pingu zilimlegea mikononi. Alipomwona binti yake akatabasamu kama mtu aliyefumaniwa amelala kazini.

"Umekula?" akamuuliza.

"Nimekula, baba."

"Mwongo."

"Keti, mpwa wangu," mjomba akasema, akimvutia kiti.

"Nitasimama." Hakuwa na ujanja mwingine. Chuma kilikuwa kimenyooka uti wa mgongo mzima, hata kuinama hawezi.

Mpelelezi akanyoosha mkono. "Dalali anasema umeandika maelezo."

Jicho akaitoa ile karatasi. Akaiweka mezani. Haikuwa na saini.

"Afande, hati ya bakuli hili niliandika mimi. Muhuri ni wangu. Lakini namba siyo yangu. Sikulipima. Niliinakili kwenye daftari la zamani la baba. Bakuli lililoletwa mezani kwangu lilikuwa hilo hilo mnaloliona. Lilikuwa bandia tangu siku ya kwanza. Baba yangu hakubadilisha kitu."

Kalamu ya mpelelezi ikasimama. Mjane akageuka kulitazama bakuli.

Mjomba hakushtuka. Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Binti anampenda baba yake. Nani atamlaumu? Yuko tayari kujichafua ili amwokoe."

"Unajua unachokisema?" mpelelezi akamuuliza Jicho. "Hati ya uongo ni kosa. Hutagonga muhuri tena maishani."

Jicho akaingiza mkono mfukoni. Muhuri ulikuwa mdogo, wa mbao, umekolea wino. Miaka sita alikuwa akilala nao chini ya mto. Akauweka mezani, karibu na bakuli, na mkono ukakataa kuuachia mara moja. Kisha ukauachia.

Lakini kifua kilikuwa chepesi, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne.

"Afande," baba akasema.

Wote wakageuka.

"Mwanangu anasema uongo."

"Baba!"

"Anasema uongo ili anitoe. Yeye hakupima, ni kweli. Lakini mimi nililipima jioni ile ile, kabla sijalifungia. Mimi hupima kila kinachoingia stoo. Lilikuwa ishirini na moja na nukta nne. Lilikuwa la kweli, na hati yake ni sahihi." Alizungumza polepole, akimtazama binti yake. "Mrudishieni muhuri wake. Bakuli lilipotelea kwangu."

Unaona alichokifanya mzee? Alijifungia mlango mwenyewe, akamsukumia binti ufunguo. Mjomba akaangalia chini kuficha meno. Hata yeye hakutegemea bahati ya namna hiyo.

Jicho machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Ulipima kwa nini, baba?"

"Kwa kalipa yangu."

"Ipi?"

"Ninazo ngapi? Yenye uzi wa bluu. Iko kwenye droo."

Jicho akapeleka mkono mgongoni, akachomoa chuma kutoka chini ya mtandio, akakilaza mezani. Uzi wa bluu ulikuwa umechakaa pale kidole gumba cha baba kilipozoea kukaa.

"Hii haijawa kwenye droo tangu mwanzo wa mwezi uliopita, baba. Na wewe unajua, kwa sababu uliiazimisha mwenyewe."

Baba akafumba macho.

"Jioni ile hukuwa na cha kupimia," Jicho akasema. "Usinichukulie kosa langu. Ni langu."

Tabasamu la mjomba lilikuwa limekwenda. Mpelelezi akanyanyua kalipa, akaigeuza. "Iliazimwa na nani?"

"Atasema mwenyewe. Yuko tayari." Sauti yake ilikuwa imetulia sasa. "Afande, chini ya miguu yetu kuna stoo. Ndani yake kuna makreti matatu. Mabakuli thelathini na sita kama hili, yote ya upana mmoja, yote bata wao jicho limefifia. Chukua hiyo kalipa, tushuke, ukapime kwa mkono wako. Ufunguo anao mjomba."

"Stoo iko tupu," mjomba akasema haraka.

"Kama iko tupu, fungua."

"Afande, huu ni upuuzi wa..."

"Nipe ufunguo," mpelelezi akasema, akasimama.

Mjomba akaanza kujipapasa. Mfuko wa kulia, mfuko wa kushoto, wa koti. Jasho lilikuwa limemchuruzika kwenye mashavu. Baba alikuwa amefumbua macho, na ndani ya macho yale Jicho aliona kitu ambacho hakuwa amekiona siku nne nzima. Mzee alikuwa ameanza kutumaini.

Ufunguo ukatoka. Ukawekwa mezani.

Hapo hapo, chini ya sakafu, kitu kikapasuka.

Mpelelezi akabaki na mkono hewani.

Kikapasuka kingine. Jicho aliijua sauti ile kama anavyoijua sauti ya jina lake. Kioo kinene, cha kushindiliwa, kikipigwa kwenye sementi. La tatu. La nne. Hayakuwa yanaanguka. Yalikuwa yanapigwa moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu aliye kazini.

Mjomba alisikiliza, kichwa ameinamisha. La sita lilipovunjika akaelewa, na rangi ikamrudi usoni. Akauchukua tena ufunguo mezani, akaufungia kwenye ngumi.

"Lete huo!" mpelelezi akanguruma, askari wakamrukia, kiti kikapinduka. La kumi. La kumi na moja.

"Mwanangu," baba akaita katikati ya zogo, "huko chini kuna nani?"

Jicho alikuwa amesimama palepale, mkono umekamata ukingo wa meza. Alikuwa anahesabu. Kumi na nane. Kumi na tisa.

"Mchumba wangu," akasema, na la ishirini likavunjika.